Tangi hupimwa kwa kaskazi

Anayetaka kuvuna maji ya mvua Mombasa huanza na swali moja: ninunue tangi la lita ngapi? Na jibu hulitafuta mahali lisipokuwapo, yaani kwenye mvua yenyewe. Hutazama mvua ya Mei inavyomwagika na barabara ilivyogeuka mto, akaona asiponunua tangi la lita 10,000 amepoteza. Kisha huuliza bei, akaacha shughuli nzima, na maji ya paa lake yakaendelea kuchimba shimo mlangoni.

Ukubwa wa tangi huambiwa na kaskazi, msimu wa upepo mkavu wa kaskazini. Kuanzia mwisho wa Disemba hadi mvua ya mwaka, yaani masika, ishike, mwishoni mwa Machi au Aprili, joto huzidi, vumbi hutanda, na Januari na Februari huweza kupita kwa manyunyu mawili matatu tu. Tuseme siku 100. Kwa siku hizo Mombasa ni jangwa, hata kama hesabu ya mwaka mzima ni karibu milimita 1,000 za mvua. Tangi ni la kukuvusha siku hizo 100. Mvua ya Mei utaimwaga tu iliyo nyingi, na hilo lisikuume.

Hesabu watu wa nyumba. Watu 6, kila mmoja lita 5 kwa siku za kunywa na kupika, ni lita 30. Kwa siku 100 ni lita 3,000. Ukitaka maji hayohayo yatumike pia kuoga, kufua na chooni, chukua lita 50 kwa kichwa, utapata lita 30,000, na hiyo ni birika la kujengwa, si tangi la kununua dukani. Tofauti ya 3,000 na 30,000 ndiyo inayoamua kama kazi hii itafanyika au itabaki maneno. Nasi wa hapa tuna njia ambayo watu wengi wa sehemu kavu hawana: kisima cha maji ya chumvi. Sabuni haifanyi povu vizuri kwenye maji yale, na chai yake hainyweki, lakini sakafu yanaosha na choo yanasukuma. Acha chumvi ifanye kazi ya chumvi. Maji matamu ya paa yabaki jikoni na kwenye mtungi wa kunywa.

Kwa lita 3,000 za mahitaji, nunua tangi la 5,000. Sentimita 10 za chini hazitumiki kwa sababu mfereji wa kuchotea hukaa juu ya matope yanayotuama, na kwenye tangi lenye kipenyo cha mita 1.8 hizo ni kama lita 250. Zinazobaki ni akiba ya mwaka ambao mvua imechelewa.

Hesabu ya paa ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Pima urefu na upana wa nyumba chini, kwenye ardhi, pamoja na sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Usipime mwinuko wa paa, mvua haiujui. Paa la mabati la mita 8 kwa 7.5 ni mita mraba 60. Toa moja ya tano kwa maji yanayoruka, yanayokauka kwenye bati la moto na yanayovuja kwenye maungio. Mvua ya milimita 10, ambayo ni ya kawaida usiku mmoja wa Mei, inakupa 60 × 10 × 0.8, yaani lita 480. Mei yenye milimita 200 inakupa lita 9,600. Tangi lako la 5,000 linajaa katikati ya mwezi. Mchoo, mvua ndogo ya Julai na Agosti, unalishikilia, vuli ya Oktoba na Novemba inalijaza tena, na hiyo vuli ndiyo muhimu: tangi lazima liwe limejaa pomoni Disemba inapoisha. Anayetumia maji ya tangi kufulia mwezi wa Novemba ataona kosa lake Februari.

Kama bado unaona mvua yetu haitoshi, Lodwar mvua ya mwaka mzima ni karibu milimita 200, kiasi ambacho Mei moja nzuri ya Mombasa hukileta peke yake. Mji wa Tucson, Arizona, uko jangwani na hupata chini ya milimita 300 kwa mwaka, lakini sheria yao iliyopitishwa 2008 na kuanza kazi 2010 inataka majengo mapya ya biashara yapate nusu ya maji ya bustani kutokana na mvua. Na sisi wenyewe jambo hili ni la kale. Ndani ya Fort Jesus kuna birika la Wareno la kukinga mvua, na kisima kilichochimbwa humo kilitoa maji ya chumvi. Visiwa vya Lamu wana majabia: sakafu kubwa ya lipu inayokusanya mvua na kuiteremsha kwenye birika la chini ya ardhi.

Sasa paa. Mabati na vigae ni sawa. Makuti hapana, si kwa kunywa: maji hutoka ya rangi ya chai, na mijusi na panya wanaishi humo. Bati lililopakwa rangi ya zamani yenye risasi usinywe maji yake. Paa la asbesto usilikwangue wala kulitoboa ili kufunga kitu chochote, kwa kuwa vumbi lake likivutwa mapafuni ndilo linaloua. Nyumba za Mji wa Kale zenye sakafu bapa juu huvuna vizuri kupitia mlizamu, yaani mdomo wa kutolea maji ya juu, mradi sakafu hiyo isiwe ndiyo inayoanikiwa samaki na kufugiwa njiwa.

Adui mkubwa wa paa la Mombasa ni kunguru. Aliyeishi hapa ndiye anayelielewa hili. Kunguru hula jaani na machinjioni, kisha huja kumalizia mlo juu ya mabati yako: mfupa wa kuku, kichwa cha samaki, kipande cha utumbo, na kinyesi chake mwenyewe. Ongeza vumbi la malori kwa wanaokaa Changamwe na Mikindani, munyu wa bahari kwa walio karibu na pwani wakati wa upepo wa kusi, na majani ya mwarobaini na mkungu. Jani moja la mkungu linatosha kuziba mdomo wa paipu ya inchi 4. Kwa hiyo kata matawi yaliyoinama juu ya paa, yaache mbali mita 2 au zaidi, na jua kwamba maji ya kwanza ya kila mvua ni maji ya kuoshea paa, si ya kunywa.

Gata zifungwe kwa kamba na pima maji, si kwa macho. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita 1, ukielekea kwenye paipu ya kushukia. Vishikizo viwe kila sentimita 50 au 60. Fundi akiweka kila mita moja, gata itanyooka siku ya kwanza na kubonyea baada ya miezi michache ya jua, na kila bonde ni dimbwi la mbu. Njia ya kukagua: mimina ndoo ya maji upande wa juu, subiri dakika tano, panda ngazi uangalie. Yakibaki maji popote, kishikizo cha hapo kiinuliwe. Bati litokeze juu ya gata kama thuluthi ya upana wake. Likitokeza zaidi, mvua kubwa inaruka juu ya gata na kumwagika nje. Likitokeza kidogo, mvua ndogo inarudi nyuma na kulowesha ukuta. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya watu kulalamika kwamba mvua ilikuwa nyingi na tangi halikupanda.

Gata za plastiki ndizo zinazodumu huku, kwa kuwa za bati hutoboka kwa munyu. Lakini plastiki hutanuka kwa jua. Kipande cha mita 4 hurefuka kama milimita 5 kati ya alfajiri na saa nane mchana. Fundi aliyegundisha kila ungio kwa gundi atarudi kuziba nyufa. Maungio yawe na mpira na yaachiwe nafasi hiyo ya milimita 5. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Misumari ya kawaida karibu na bahari haimalizi miaka mingi.

Sehemu inayorukwa zaidi, na ambayo bila hiyo haifai kuyaita maji hayo ya kunywa, ni paipu ya kumwaga maji ya kwanza. Haihitaji kununuliwa ikiwa tayari. Paipu inayotoka kwenye gata ikutane na tii, kiungo chenye midomo mitatu. Mkono wa pembeni wa tii uende kwenye tangi. Mkono wa chini uendelee kushuka wima na ufungwe mwishoni kwa kifuniko cha kusokota, chenye tundu la milimita 3. Maji machafu ya mwanzo hujaza mkono wa chini, na ukishajaa, yanayofuata, yaliyo safi, hupita juu yake kwenda tangini. Mvua ikiisha, tundu linadondosha polepole mpaka paipu itupu, tayari kwa mvua nyingine.

Urefu wa paipu hiyo ndio hukosewa. Nusu lita kwa kila mita mraba ya paa ndiyo kiwango cha chini. Paa la mita mraba 60 linataka lita 30. Paipu ya inchi 4 inabeba kama lita 8 kwa mita, basi ungehitaji karibu mita 4, na ukuta wako haufiki hapo. Paipu ya inchi 6 inabeba kama lita 17 kwa mita, basi chini ya mita 2 inatosha. Zile fupi za nusu mita unazoziona zimefungwa kwenye nyumba nyingi zinabeba lita 4. Hizo ni pambo.

Fungua kile kifuniko cha chini baada ya mvua ya kwanza ya Machi uone. Hutoka uji mweusi mzito, unaonuka. Ndani yake kuna unyoya, magamba ya samaki, punje za mwarobaini, mchanga mwekundu, na mara nyingine mfupa mzima umekwama kwenye nyuzi za kifuniko. Yote hayo yangekuwa tangini. Na hapo pia utaona kwa nini kifaa hiki hushindwa: lile tundu la milimita 3 huzibwa na mchanga. Likizibwa, paipu hubaki imejaa maji machafu ya mvua iliyopita, na uchafu wa mvua mpya unapita moja kwa moja. Dalili ni moja: mvua imekwisha na chini hakudondoki kitu. Katika msimu wa mvua, kifuniko kifunguliwe kila wiki. Apewe mtu mmoja wa nyumbani kazi hiyo, kwa jina.

Lita 5,000 ni tani 5. Tangi likiwekwa juu ya mchanga au matofali yaliyopangwa tu, upande mmoja hudidimia, tangi hukaa kwenye ncha, na hupasuka chini, palepale pasipoweza kuzibwa. Kwa tangi la kipenyo cha mita 1.8, jenga kiweko cha mita 2.2 kwa 2.2. Ukuta wa mawe uinuke sentimita 50 hadi 60, ili mtungi wa lita 20 ukae chini ya mfereji bila kuinamishwa. Ndani jaza kifusi na kushindilia kila sentimita 15, si mara moja mwishoni. Juu mwaga zege la sentimita 10 lenye waya wa BRC (wavu wa chuma wa kuimarishia zege) katikati, saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne. Zege hilo litakula mifuko kama 3 ya kilo 50. Tafadhali, mchanga usiwe wa ufuoni na maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima cha chumvi. Chumvi italila BRC ndani kwa ndani, na zege litachanika tangi likiwa limejaa. Mwagilia zege siku 7, na usijaze tangi kabla ya wiki mbili.

Tangi liwe jeusi au la rangi nzito isiyopitisha mwanga, la sivyo ukijani utaota. Mfereji ukae sentimita 10 kutoka chini, na kuwe na tundu jingine la kusafishia chini kabisa. Paipu ya kuingizia ishuke mpaka karibu na sakafu ya tangi na iishie kwa elbo mbili zinazogeuza mdomo kutazama juu, ili maji mapya yasichafue matope yaliyotuama. Paipu ya kufurika iwe na upana sawa na ile ya kuingizia. Ikiwa nyembamba, mvua ya Mei itainua kifuniko na kumwagika ukutani.

Kisha mbu. Mombasa tumepata dengi 2013 na 2014, na chikungunya mwisho wa 2017 kuingia 2018. Mbu wanaoeneza maradhi haya hawataki bwawa wala mtaro wa maji machafu. Wanataka maji safi yaliyohifadhiwa karibu na watu, na tangi lako ni peponi kwao. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua siku 7 hadi 10. Mayai hubandikwa ukutani juu kidogo ya maji na huvumilia ukavu kwa miezi, hivyo kulimwaga tangi tu hakutoshi, lazima kuta zisuguliwe kwa brashi. Kila tundu lifungwe wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1: la kuingizia, la kupumulia, na hasa paipu ya kufurika, ambayo karibu kila mtu huisahau. Wavu wa plastiki wa bei rahisi huoza kwa jua ndani ya mwaka. Tumia wa chuma kisichoshika kutu, uubane kwa klipu. Kuufunga kwa kamba hakusaidii, kunguru huichomoa kwenda kujengea.

Hata ukifanya yote haya, maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe. Dawa ya klorini ya maji ya asilimia 1.2 hutiwa mililita 3 kwa mtungi wa lita 20, kisha subiri nusu saa. Maji yakiwa na ukungu, yachuje kwanza kwa kitambaa safi na utie mara mbili. Tia dawa mtungini, si tangini, kwa sababu klorini ya tangi hupotea baada ya siku chache na utabaki unadhani maji yana dawa.

Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na wapangaji sita ina paa moja. Hapo ufundi ndio sehemu rahisi. Tangi la pamoja huisha kwa wiki mbili kama halina utaratibu, kwani kila mmoja huogopa mwenzake atamaliza. Penye mafanikio utakuta mfereji una kufuli, ufunguo uko kwa mtu mmoja anayeaminika, na mfereji hufunguliwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila chumba mtungi mmoja tu kwa siku. Vyumba sita, mtungi mmoja kwa siku, ni lita 120. Kwa siku 100 ni lita 12,000, basi matangi matatu ya 5,000, na paa la mita mraba 120 linayajaza bila taabu. Mwenye nyumba asipotaka kujenga, mpangaji bado anaweza kukinga pipa la lita 200 lenye kifuniko na wavu. Haliwezi kumvusha kaskazi, lakini Mei hadi Julai litampunguzia safari za kumwita mwenye mkokoteni.

Paa kubwa la mtaa ni la msikiti. Mita mraba 300 kwa mvua ya milimita 10 ni lita 2,400 kwa usiku mmoja. Birika la udhu lina kazi ya kila siku, kwa hiyo maji hayakai kuharibika, na hayahitaji dawa ya kunywa. Ni mradi wa mtaa ambao tungetamani kuuona kila mahali, kabla ya kuchimba kisima kingine cha chumvi.

Maana visima navyo vina habari yake. Chini ya sehemu kubwa ya kisiwa na ya ufuo huu ni jiwe la matumbawe lenye nyufa. Maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari kwa tabaka jembamba, na pampu ikivuta kupita kiasi, bahari hupanda. Maji yanayofurika tangini yanaweza kurudishwa ardhini: chimba shimo la mita moja kila upande, lijaze kokoto, weka mchanga juu, na uliweke mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba. Lakini yapitie shimo hilo, yasimwagwe kisimani moja kwa moja, na shimo lisiwe karibu na choo. Nyufa za matumbawe hubeba uchafu wa choo mbali na haraka kuliko udongo, na ndiyo sababu maji ya kisima, hata yakionja matamu, yachemshwe. Maji ya barabarani yapelekwe kwenye miti tu. Fanya beseni la udongo lenye kina cha sentimita 20 kuzunguka mwembe, na mwembe utaipitisha kaskazi bila ndoo yako.

Mwisho wa Machi, tangi likiwa chini kabisa, ndio wakati wa kulisafisha. Fungua tundu la chini, sugua kuta kwa brashi na maji, usitumie klorini kali ukiwa ndani, na asiingie mtu tangini bila mwenzake kusimama nje. Ondoa elbo ya nje inayopeleka maji tangini na uiache kando. Mvua ya kwanza ya mwaka ikija, iache yote imwagike chini, hata kama ni kubwa na roho inakuuma. Ya pili rudisha elbo.